Shajara ya mradi: kupasha chuma kabla ya kukivisha poda kwa leza, ili tabaka lisipasuke

Wiki ya 1. Kilichopo mezani

Kazi ni kuvisha chuma cha 42CrMo4 (aloi yenye kromi na molibdeni) tabaka gumu la nikeli, kromi, boroni na silikoni (NiCrBSi) la daraja la 60 HRC (kipimo cha ugumu cha Rockwell), kwa leza na poda, bila ufa hata mmoja. Anayeijua poda hii anajua kwa nini tumeanza nayo. Inayeyuka upesi, inashika vizuri na inastahimili mchanga, lakini hupasuka kama chimni ya taa iliyorushiwa maji. Njia ikifaulu kwa poda hii, poda zilizo laini kuliko hii, mfano Stellite 6 (aloi ya kobalti), hazitasumbua sana.

Poda: kromi karibu 14%, silikoni 4%, chuma 4%, boroni 3%, kaboni 0.7%, iliyobaki ni nikeli. Punje ni za mviringo, 53 hadi 150 µm. Boroni na silikoni hushusha joto la kuyeyuka hadi karibu 1,000 °C na kulisafisha dimbwi dhidi ya kutu ya moto. Boroni hiyohiyo ikikutana na kromi hutengeneza vipunje vya boraidi vigumu sana visivyonyumbuka. Ugumu wa tabaka unatoka hapo, na nyufa pia.

Chuma cha chini: mabamba ya 100 × 100 × 20 mm, kila moja 1.57 kg, yaliyozimwa kwenye mafuta kiwandani kisha kupashwa tena. Kwa viwango vya katikati (kaboni 0.42, manganizi 0.75, kromi 1.05, molibdeni 0.22) kaboni linganifu, yaani kipimo cha jinsi chuma kinavyoelekea kupasuka kikilehemewa, inafika 0.80. Fundi wa kulehemu akiona 0.80 hashiki elektrodi kabla ya kushika moto.

Mpangilio wa kuanzia: leza ya nyuzi yenye uwezo wa 4 kW, tunatumia 2 kW. Doa la 4 mm, mwendo 10 mm kwa sekunde, poda gramu 15 kwa dakika, argoni ya kubeba poda lita 5 kwa dakika na ya kukinga lita 15. Kila bamba lina mistari 20 ya urefu wa 80 mm, hatua ya 2 mm, yaani kila mstari unapanda nusu ya mwenzake. Sekunde 8 leza inawaka, sekunde 2 inarudi. Poda inakaushwa kwenye oveni kwa 110 °C, saa 2, kabla ya kumiminwa kwenye tangi lake. Poda yenye unyevu inagandamana na kutoka kwa mikupuo, tena inaingiza haidrojeni.

Wiki ya 1. Bamba 1 hadi 3, bila kupasha

Yote matatu yamepasuka, na hatukuhitaji rangi kujua. Mlio wa "tik" unasikika leza ikiwa bado inafanya kazi, mstari wa pili haujafika nusu.

Baada ya saa 24 tumepaka rangi nyekundu ya kupenya: dakika 15 ikae, futa kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo kiyeyushi (usimwage kiyeyushi moja kwa moja juu ya bamba, kitaitoa rangi hata ndani ya ufa), nyunyiza unga mweupe, subiri dakika 10. Nyufa karibu zote zinakata mistari kwa upande, kama vipandio vya ngazi. Ni kawaida: mstari wa leza ni mrefu na mwembamba, unaponywea unajivuta zaidi kwa urefu wake, basi unakatika kwa kukingama.

Cha kuangalia kwa makini ni mahali zilipo. Kwenye mistari 6 ya kwanza kuna ufa kila baada ya 4 hadi 7 mm. Kuelekea mstari wa 20 zinatawanyika, na mistari 3 ya mwisho ya bamba la 2 haina ufa uliozaliwa humo, isipokuwa ule mmoja uliokimbia kutoka upande wa mwanzo. Mpangilio wa mashine haukuguswa. Kilichobadilika ni bamba lenyewe, kwa kuwa limejipasha. Tukichukua kwamba chuma kinameza 40% ya leza, ni 800 W kwa sekunde 160, yaani 128 kJ. Bamba la 1.57 kg linahitaji karibu 830 J kupanda digrii moja. Lisipopoteza kitu litapanda digrii 154. Waya wa kupimia joto ulioingizwa kwa chini ulionyesha ongezeko la 128 mwishoni mwa mstari wa 20. Kwa hiyo kila bamba baridi limebeba jaribio la kupasha ndani yake, likianzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho.

Tumepima uzito kabla na baada: bamba limeongezeka gramu 28. Poda iliyotoka leza ikiwaka ni gramu 40, hivyo 70% imeshika. Gramu 10 nyingine zilimwagika wakati wa kurudi. Unene wa tabaka ni karibu 1.1 mm.

Wiki ya 2. Hesabu kabla ya kununua hita

Tumetumia mlinganyo wa Rosenthal wa bamba nene, unaokadiria jinsi joto linavyosambaa kutoka kwenye chanzo kinachotembea. Si sahihi kabisa, ila unatosha kuonyesha uelekeo. Tumechukua upitishaji joto wa 35 W/mK na nguvu iliyomezwa 800 W. Muda wa kupoa kutoka 800 hadi 500 °C unakuwa hivi:

Bamba la 20 °C: sekunde 0.29
Bamba la 200 °C: sekunde 0.61
Bamba la 300 °C: sekunde 1.1
Bamba la 400 °C: sekunde 2.7

Kwa macho ya haraka mtu atasema vizuri, kasi imepungua mara 9. Lakini 42CrMo4 ni chuma kinachozimika kirahisi. Hata sekunde 2.7 hazitoshi kukizuia kisigeuke matensaiti, ile hali ngumu ya chuma kilichozimwa ghafla. Kama faida ya kupasha ingekuwa kupunguza kasi tu, tungekuwa tunapoteza umeme.

Faida kubwa iko pale kupoa kunapokoma. Kwa mlinganyo wa Andrews, unaotumia viwango vya aloi, chuma hiki kinaanza kugeuka matensaiti kikishuka chini ya takriban 324 °C. Bamba likiwa 20 °C, ukanda ulio chini ya tabaka unaivuka 324 ndani ya muda mfupi mno, unageuka na kutanuka huku tabaka la juu limeshaganda. Tabaka linavutwa kutoka chini, tena wakati lenyewe linataka kunywea. Bamba likiwa 350 °C, ukanda huo unashuka hadi 350 na kusimama hapo. Ukipewa muda unageuka beinaiti (hali isiyo ngumu kama matensaiti) polepole, na ugeukaji unaenda kwa dakika, si kwa sehemu ya sekunde.

La pili ni kunywea kwenyewe. Tabaka la urefu wa 80 mm lililoganda kwenye 1,000 °C, kwa kiwango cha kutanuka cha 13.5 kwa milioni kwa digrii, lingependa kufupika 1.06 mm likifika 20 °C. Chuma cha chini hakiliruhusu. Bamba likiwa 350, tabaka linapambana peke yake hadi 350 tu, karibu 0.70 mm. Sehemu iliyobaki vyote viwili vinanywea pamoja, kwa kuwa vina joto moja. Tofauti ndogo ya kiwango cha kutanuka kati ya poda na chuma inabaki palepale, na kupasha hakuiondoi.

Kutokana na hesabu hii tumeamua namba ya kulinda ni joto la bamba lisishuke chini ya 340 °C tangu mstari wa kwanza unapowaka hadi kazi itakapoingizwa kwenye kupoa kwa mpango. Hilo la mwisho tumeliandika tukidhani ni jambo dogo. Wiki ya 3 imetuonyesha sivyo.

Dari pia ipo: chuma hiki kilipashwa tena kiwandani baada ya kuzimwa, na kila daraja lina joto lake. Tunabaki angalau digrii 50 chini ya joto hilo, la sivyo moyo wa kazi unalainika wakati tunahangaikia ngozi. Soma cheti cha chuma, usikisie.

Wiki ya 2. Kitako cha moto

Kitako ni bamba la chuma la 150 × 150 × 30 mm, 5.3 kg, lenye matundu manne ya vijiti vya hita vya 400 W kila kimoja. Kitako na bamba pamoja kufika 350 vinahitaji karibu 1.2 MJ. Kwa 1.6 kW ni dakika 12 na nusu kama hakuna joto linalopotea. Imechukua dakika 31. Tulipozungushia blanketi la nyuzi za kauri pande zote nne na chini, imekuwa 22.

Kasoro ya kwanza: kidhibiti kinasema 350, bamba linasema 288. Waya wa kidhibiti umo ndani ya kitako, na kati ya kitako na bamba kuna hewa nyembamba kwa sababu upande wa chini wa bamba ulikuwa na ngozi ya kiwandani, haujasagwa. Tumesaga upande wa chini, tukaweka karatasi ya grafiti ya 0.5 mm, tukabana pembe nne. Tofauti imeshuka hadi digrii 21. Sasa kidhibiti tunakiweka 371 ili bamba liwe 350. Namba ya kidhibiti ni ya kidhibiti. Inayoandikwa kwenye daftari ni ya waya uliomo ndani ya bamba, kwenye tundu la 2 mm lililotobolewa kwa chini hadi ibaki 3 mm kufika juu. Waya ni aina ya K, wenye ala ya 1.5 mm.

Kasoro ya pili: vibano vinakula joto. Pembe iliyo chini ya kibano ilikuwa digrii 40 chini ya katikati. Vipande vya mika chini ya kila kibano vimepunguza tofauti hadi 15.

Kasoro ya tatu ni pairomita, yaani kipimajoto cha mbali kinachosoma mwanga wa joto, na hii inastahili nafasi yake. Bamba lililopigwa msasa linang'aa, na chuma kinachong'aa kinatoa mwanga mdogo wa joto kuliko kilichopata kutu ya moto. Pairomita iliyowekwa kwa uso mweusi ilisoma 240 wakati waya unasoma 350. Tukaacha bamba likae. Rangi ya majani makavu ikaja, ikafuata kahawia, zambarau, kisha buluu, na pairomita ikapanda yenyewe hadi 310 bila hita kuongezwa hata wati moja. Asiye na waya wa ndani angedhani bamba linapanda na angezima hita. Kama pairomita ndiyo pekee iliyopo, paka doa la rangi nyeusi ya jiko kwenye ubavu wa bamba na upime hapo tu. Chaki za joto, zile zinazoyeyuka kwenye kiwango kilichoandikwa, ni rahisi na hazidanganyi. Chukua ya 340 na ya 420: ya kwanza lazima iyeyuke, ya pili isiyeyuke.

Tahadhari mbili za mezani. Bamba la 350 °C haliwaki na halionekani tofauti na la baridi, kwa hiyo bango liwekwe na glavu za ngozi zivaliwe. Pili, usafishaji kwa asetoni ufanyike na kukauka kabla ya kuwasha hita. Asetoni juu ya bamba la moto ni moto wa pili ambao haumo kwenye mpango.

Nozeli: ikikaa 12 mm juu ya kitako cha moto, ncha yake inapata joto kutoka chini pia, si la dimbwi tu. Kwenye majaribio ya pili poda ilianza kunata kwenye ncha na kuota ndevu. Zikianguka dimbwini zinaacha bonge. Kuinua nozeli si dawa, maana poda inakutana mahali pengine. Tumefunga sahani ya shaba yenye tundu chini ya ncha, tukahakikisha maji ya kupoza yanapita bila kubanwa. Kwa walio pwani, Mombasa au Dar es Salaam: msikimbilie kushusha maji ya kupoza hadi 18 °C. Hewa ya huko ina unyevu kiasi kwamba umande unaganda kwenye kioo cha kukinga lenzi, na kioo chenye umande kikipigwa 2 kW kinaungua. Maji ya upande wa lenzi yawe juu ya kiwango cha umande cha siku hiyo.

Wiki ya 3. Ngazi ya joto: 150, 250, 350, 450

150 °C, mabamba 2: nyufa bado zipo, zimeachana kwa takriban mara mbili ya zile za bamba baridi. "Tik" inachelewa, inakuja baada ya leza kuzima.

250 °C, mabamba 2: siku ileile, nyufa 3 kwenye la kwanza na 2 kwenye la pili. Kesho yake la kwanza lina 5. Ndiyo sababu hatupokei matokeo ya siku ileile. Joto hili ni la kudanganya. Bamba linatoka zuri, linapigwa picha, usiku linapasuka kwenye rafu.

350 °C, bamba la 8: hakuna mlio wakati wa kazi, hakuna mlio hita ilipozimwa. Tumelifungua vibano, tukalitoa kwa koleo na kuliweka juu ya meza ya chuma ili bamba linalofuata liingie. Dakika 9 baadaye, tik. Mwishowe nyufa 4, moja imeshuka kupita tabaka na kuingia kwenye chuma.

Hapa hakuna fumbo. Bamba lilikaa 350 kwa muda wote wa kazi, lakini mistari ya mwisho ilipata dakika moja au mbili tu kabla ya kutolewa. Ukanda wa chini yake haukuwa umemaliza kugeuka beinaiti. Ulipotua juu ya meza baridi, chini ukapoa kwanza, uliobaki ukavuka 324 na kuwa matensaiti, tukarudi palepale pa wiki ya kwanza kwa njia ya mzunguko.

350 °C, mabamba 9 hadi 11: mpangilio uleule, ila baada ya mstari wa mwisho hita inabaki 350 kwa saa 1, blanketi limefunikwa juu, kisha kidhibiti kinashusha digrii 60 kwa saa hadi 100, kisha hita inazimwa na bamba linaachwa humohumo mpaka lishikike kwa mkono. Baada ya saa 48, nyufa kwenye bamba la 9: hakuna. La 10: hakuna. La 11: mbili fupi, zote mwisho wa mistari, pale leza inapozimwa. Za kati hakuna.

Tumekata bamba la 9 na la 2, tukayang'arisha na kupima ugumu chini ya tabaka. La baridi: zaidi ya 600 HV (kipimo cha ugumu cha Vickers) kwenye ukanda ulioathiriwa. La 350 lililoshikiliwa: kati ya 400 na 440.

450 °C, mabamba 2: hakuna nyufa, lakini tabaka si lile tulilolitaka. Dimbwi limechimba sana. Mchanganyiko wa chuma cha chini ndani ya tabaka, yaani kina kilichoyeyuka kwenye bamba kugawanywa kwa kina hicho pamoja na kimo cha tabaka, umefika 21%. Ugumu umeshuka kutoka karibu 700 HV hadi 580. Uso wa bamba mbele ya leza ulikuwa wa kijivu kwa kutu ya moto, na pembeni mwa mistari ya kwanza kuna vitundu. Kukosa ufa kwa kulainisha tabaka si ushindi, kwa kuwa kazi iliagizwa kwa ajili ya ugumu.

Wiki ya 4. Kupunguza nguvu

Hata kwenye 350 kulikuwa na dosari ambayo nyufa zilituficha: mchanganyiko 8% kwenye mstari wa kwanza, 17% kwenye wa 20. Bamba lenye moto halihitaji 2 kW. Kwa kukadiria tu, kutoka 350 hadi kuyeyuka ni karibu robo tatu ya safari ya kutoka 20. Poda lakini inaingia ikiwa baridi, kwa hiyo hatukushusha hadi robo tatu. Tumeshuka hadi 1,650 W.

Pia tumeishusha ngazi kwa ngazi: mistari 1 hadi 5 kwa 1,650 W, 6 hadi 12 kwa 1,600, 13 hadi 20 kwa 1,550. Mstari wa kwanza ukipewa 1,550 unashika vibaya: ukuta wake wa pembeni unakuwa mkali kama tone la maji juu ya kitambaa chenye mafuta, na mstari wa pili unaacha mfereji wa hewa chini yake. Sasa mchanganyiko ni 6% mwanzo na 9% mwisho.

Kipimo cha kusimamisha kazi: waya ukisoma 420 °C, leza inasimama na kusubiri hadi 370. Kwenye bamba dogo hatujafika huko. Kwenye kazi ndefu itatokea.

Miisho ya mistari: leza ikizimwa ghafla, dimbwi la mwisho linaganda kutoka pembeni kuelekea katikati na kuacha kishimo chenye ufa wa nyota. Tumeweka nguvu ishuke kutoka kiwango cha kazi hadi 600 W ndani ya 5 mm za mwisho, poda ikiendelea. Mabamba matatu yaliyofuata hayana ufa mwishoni. Kabla ya hapo tulikuwa tunasugua miisho kwa grinda. Usifanye hivyo bamba likiwa bado na joto: grinda inafunga ufa kwa kuupaka chuma juu, na rangi ya kupenya haiuoni tena.

Kutu ya moto: argoni lita 8 kwa dakika kupitia bomba lenye vitundu kando ya bamba, tangu 200 °C kwenda juu. Haizuii rangi yote, ila buluu nzito imekuwa kahawia.

Mtu ameuliza kwa nini tusiweke kwanza tabaka laini la katikati, mfano aloi ya nikeli 625, nusu milimita. Linasaidia kweli, kwa kuwa linanyumbuka na kumeza sehemu ya mkazo. Linaongeza poda ya pili, muda wa pili na unene ambao bushi nyingi hazina nafasi yake. Tumeliweka akiba kwa kazi zisizoweza kupashwa, zile zenye vipande vya mpira au vilivyobanwa kwa vipimo vya karibu.

Wiki ya 5. Kutoka bamba hadi shafti

Shafti ni ya 42CrMo4, kipenyo 80 mm, urefu 300 mm, 11.8 kg. Eneo la kuvisha ni 100 mm katikati. Kitako cha moto hakina kazi hapa. Tumetumia koili ya kupasha kwa sumaku ya umeme kuleta shafti 350, kisha koili ndogo inayotangulia nozeli. Aliye na gesi tu anaweza kutumia vichomeo viwili vya propeni, shafti ikizunguka muda wote. Kichomeo kimoja kikikaa upande mmoja, shafti inapinda kama upinde.

Kwa 10 mm kwa sekunde shafti inazunguka mara 2.4 kwa dakika. Hatua ya 2 mm ni mizunguko 50, dakika 21. Leza peke yake ingeipandisha shafti digrii 130 ikiwa hakuna upotevu, hivyo koili inapunguzwa kuanzia mzunguko wa 15 au hivi, waya ukiongoza.

Shafti ya 1: imepiga kelele ya chuma kwa chuma mzunguko wa 3, tukasimamisha. Ikipanda hadi 350 shafti ya 300 mm inarefuka 1.2 mm. Ncha ya nyuma ilikuwa imekazwa bila nafasi, shafti ikapinda. Ncha sasa ina springi.

Shafti ya 2: hakuna ufa uliopatikana, lakini kipimo kilikosewa. Kipenyo kilipimwa kikiwa cha moto, kikaonekana kinatosha kukerezwa. Kwa 350 °C kipenyo cha 80 mm kimevimba 0.33 mm. Ilipopoa ngozi ya ziada haikutosha. Kipimo cha moto kiandikwe na joto lake pembeni, au kisiandikwe.

Shafti ya 3: imeshikiliwa saa 1 kwenye 350, ikazikwa kwenye pipa la vemikulaiti kavu. Wanaolehemu shafti za mitambo ya sukari wanatumia majivu au chokaa kavu, na kazi ni ileile, ilimradi hakuna unyevu. Baada ya saa 48 kuna ufa mmoja, kwenye mzunguko wa kwanza, upande wa chaki ya lethi, yaani kishikio chenye taya. Waya tuliouweka 15 mm kutoka ukingo huo unasoma 311 wakati katikati ni 352. Taya tatu za chaki zinanyonya joto, na 311 iko chini ya 324.

Kwa shafti ya 4 tumeungia kipande cha ziada cha 60 mm upande wa chaki, kitakachokatwa mwishoni, na taya zimewekewa vipande vya mika. Koili itaanzia 30 mm nyuma ya ukingo, na leza haitawashwa mpaka waya wa ukingoni, si wa katikati, usome 350. Kipande kimeshaungwa. Poda iko kwenye oveni.